Boti Moja na Mama Mkwe

Asubuhi ile nilikuwa nachuja asali. Ni kazi isiyotaka mgeni: mikono yote miwili inanata, nyuki wameshasikia harufu, na mke wangu alikuwa ameshaniambia kwamba nikimwaga tone moja sakafuni nitapiga deki mwenyewe. Hapo hapo rafiki yangu akaingia uani na pikipiki, injini inanguruma, akasema, "Twende Kongo."

Niliendelea kuchuja. Mtaani kwetu Makanyagio, hapa Mpanda, watu wanaamka na maneno mengi, ukiyajibu yote hutafanya kazi. Akazima injini, akasogea karibu, akasema tena kwa sauti ya chini, "Mtoto kazaliwa. Wa kike. Jana muuza dagaa kaniletea habari. Twende tukawachukue."

Nikaweka kitambaa chini. Sikuwa na ujanja, kwa sababu mshenga wa ndoa ile ni mimi.

Rafiki yangu ni Msukuma. Baba yake alihamia Usevya na ng'ombe wakati yeye bado anabebwa mgongoni, kwa hiyo Shinyanga anaijua kwa kusimuliwa tu, lakini mila za huko anazishika kuliko walioachwa huko. Mimi ni Mbende wa upande wa ziwani, nilihamia mjini kwa ajili ya biashara ya asali. Wote wawili tunaendesha pikipiki za matairi ya meno, yeye kwa kufuata ng'ombe, mimi kwa kufuata mizinga, na urafiki wetu ulianzia kwenye tope, kila mmoja akimsukuma mwenzake. Mkewe ni Mkongo. Mama yake mzazi ni mchuuzi wa mawese, anavuka Ziwa Tanganyika kwa boti siku za gulio la Kapalamsenga, upande wetu, anauza mawese na kurudi na mchele. Rafiki yangu alikuwa anapeleka mchele hapo, akamwona binti, akashindwa kulala. Akaja kwangu niende nikamsemee, maana watu wa boti nawajua tangu utoto.

Nikasema, na nikasema vizuri, mpaka mahari ikapokelewa. Kumbe nilikuwa naanza kazi isiyo na likizo. Ni kweli huku kwetu mshenga hamalizi kazi yake siku ya harusi, wakigombana anaitwa kusuluhisha. Lakini yule bwana aliigeuza mila ikawa kitanda. Mke akinuna, ananipigia simu. Mke akitaka kwenda kusalimia kwao, jibu napeleka mimi. Mwaka jana akapatana na baba yake kwamba wahame Mpanda, wakaishi kwenye boma la wazee Usevya. Nani akamwambie mkewe? Mimi. Yule dada alinisikiliza mpaka mwisho, akanipikia ugali na migebuka, akanishukuru kwa kufika. Wiki iliyofuata, wakati watu wanapanda mpunga, akapanda boti na mimba yake akarudi kwao. Rafiki yangu mpaka siku ile ya asali alikuwa anasema hajui mwanamke yule alikasirishwa na nini.

Nikamuuliza kama ana karatasi ya kuvukia mpaka. Akasema tutaipata huko huko ziwani. Tyubu ya akiba? Hana. Chakula? Tutakula njiani. Mtu anakwenda nchi ya watu kumrudisha mke na mtoto mchanga, kabeba pampu na chupa ya maji. Nikamwambia, wewe huna akili. Akasema, "Ndiyo maana nimekuja kwako."

Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. "Nenda, mshenga," akaniambia. "Ndoa yao, jasho lako."

Siku hiyo ilikuwa ya gulio, na boti ya Kongo huondoka Kapalamsenga jua likianza kupoa. Ukiikosa, unasubiri gulio lijalo. Kutoka mahali pa kushukia, kijiji cha mama mkwe wake kiko juu milimani, njia ni ya miguu tu, ndiyo maana pikipiki zilitakiwa zivuke na sisi. Na hapo, lazima niseme ukweli, moyo wangu ulifurahi kidogo. Nimezaliwa nikiiona milima ya Kongo ng'ambo ya maji kila mvua ikishakatika, na sijawahi kuikanyaga. Nilijiona napanda ile milima kwa gia ya kwanza. Nikavaa buti.

Kuna barabara nzuri tu ya changarawe kutoka Mpanda kwenda ziwani, malori yanapita. Nilikuwa nimeshaishika. Mwenzangu akanipita, akapunga mkono, akakata kushoto kwenye njia ya ng'ombe. Nilipomfikia akasema huko ni karibu zaidi, na kwamba njia ya ng'ombe haimpotezi mtu, mwisho wake ni maji.

"Maji gani?" nikamuuliza.

"Ziwa si maji?"

Hapo ndipo ningegeuza. Sikio la kufa halisikii dawa, na siku hiyo masikio ya kufa yalikuwa manne.

Mbung'o walituanza tulipoingia tu kwenye miti. Mtu asiyewajua anadhani ukiongeza mwendo utawaacha. Wale wanapenda mwendo, wanafuata kitu kinachokimbia, wanakuuma kupitia shati. Ukisimama uwapige, wanaongezeka. Kisha zikaja nyasi ndefu kuliko usukani, na ndani ya nyasi upupu umekauka vizuri, unasubiri mpita njia. Tulitoka upande wa pili tunajikuna shingo mpaka damu. Mwenzangu akaona ni wakati mzuri wa kuniandalia maneno ya kusema.

"Ukifika umwambie nimejifunza."

"Umejifunza nini?"

"Wewe sema nimejifunza. Halafu umwambie habari ya Usevya tumeiacha, tutabaki Mpanda. Baba nimeshaongea naye."

"Hilo si umwambie wewe? Ndilo analotaka kusikia."

"Mshenga ni nani, mimi au wewe?"

Nilipiga kiki nikaondoka, kwa sababu kinywa changu kilikuwa kimejaa maneno yasiyofaa.

Bondeni mvua ilikuwa imeacha tope jeusi, lile linaloshika tairi mpaka linaacha kuzunguka. Nililala na pikipiki yangu mara mbili. Yeye alipita upande, akasimama ng'ambo, akaanza tena: "Na umwambie mama yangu anamsalimia sana." Nilikuwa nimekaa kwenye tope mpaka kiunoni, sailensa inanichoma mguu, mtu ananiongezea salamu. Sikuwahi kumpiga rafiki yangu, lakini siku hiyo nilipima umbali.

Njia ya ng'ombe ilitufikisha kwa ng'ombe. Ilikuwa boma la Wasukuma wenzake, katikati ya pori, hakuna ziwa wala harufu ya ziwa. Mzee mwenye boma akauliza ukoo, mwenzangu akataja, kumbe bibi zao walitoka kijiji kimoja. Basi kwisha. Salamu za Kisukuma: mwangaluka kwa huyu, mwangaluka kwa yule, magoti yanapigwa, maziwa ya mgando yanaletwa kwenye kibuyu, ugali umeshawekwa jikoni. Kuondoka bila kula ni kuwatukana. Najua, nami nimelelewa. Lakini jua nalo halikulelewa na mtu, lilikuwa linasonga tu. Nilikula nikilitazama.

Ni pale, nikimeza tonge, ndipo wazo lilinijia, nikalisema bila kulipima.

"Mama mkwe wako si anakujaga kwenye hili gulio?"

Akaacha kula.

"Na si anarudi na boti hii hii tunayokwenda kupanda?"

Kwa asiyejua, nieleze. Kwa Wasukuma mwanaume haonani na mama mkwe wake. Hali naye, hakai naye mahali pamoja, hamtazami usoni. Wakikutana njiani, mwanaume ndiye anayeiacha njia, anaingia porini mpaka mama apite. Vijana wengi wa mjini wameshalegeza, ila huyu wangu analishika jambo hili kwa mikono miwili. Siku ya harusi yake alizunguka nyumba nzima ili asipite mlango aliosimama mama. Na sasa alikuwa amepanga kukaa naye kwenye boti moja ya mbao, kati ya magunia na madumu, mpaka nchi nyingine, na hakuwa ameliwaza hata kidogo.

"Nitakaa mbele," akasema baadaye. "Yeye atakaa nyuma."

"Ile ni boti, bwana, si treni."

"Labda leo hakuja."

Mzee wa boma alimtazama kwa huruma kubwa, kama mtu aliyeambiwa ana ugonjwa. Akatuonyesha njia ya kweli kwa fimbo yake. Tulikuwa tumekwenda upande usio wetu tangu asubuhi.

Kutoka hapo nilitangulia mimi. Tairi yangu ya nyuma ilitoboka na mwiba, tukaziba kwa kiraka, kikaachia, tukaziba tena. Kwa hasira gundi nikaipaka kwenye kidole. Nilikuwa nawaza mtoto yule. Kama tungeikosa boti, angekaa wiki nyingine bila kuonwa na baba yake kwa sababu ya ujuzi wa njia za ng'ombe. Mwenzangu alipiga pampu. Alipomaliza akasema, "Haraka haraka haina baraka." Nikamwambia anyamaze.

Tuliteremka Kapalamsenga jua limeshaanza kupoa. Gulio lilikuwa linavunjika, watu wanakunja maturubai. Boti ilikuwepo bado, vijana wanapakia magunia ya mchele maji yakiwafika kifuani. Sijui niseme nilifurahi vipi. Mwenzangu akapiga honi, akanipita kwenye mchanga, anacheka kwa sauti, mkono mmoja juu. Mbele yetu, karibu na boti, mama mmoja mnene alikuwa amekaa juu ya gunia amefungua mwavuli. Pembeni yake alisimama mwanamke kijana, kitu kimefungwa kifuani kwa kitenge.

Nilimwona mwenzangu anamwona mama mkwe wake. Hakupunguza hata mwendo. Alikata usukani akaingia kwenye matete, pikipiki na mtu, ndege wote wakaruka. Tukasikia injini inazama kwenye maji, ikakohoa, ikazima.

Nikabaki mimi mbele ya wanawake wawili, tope kuanzia kichwani, najikuna.

Nilimwamkia mama mkwe. Akaitikia vizuri, akauliza habari za Mpanda na za mke wangu. Lakini yule dada alikuwa anatazama matete.

"Shemeji," akasema, "yule si yeye?"

"Ni yeye. Unajua tena desturi yao. Amemwona mama."

"Desturi yao naijua. Nimekaa nao." Akavuta kitenge kidogo juu ya kichwa cha mtoto. "Ni mimi niliyemtuma muuza dagaa amwambie. Nilijua siku ya gulio atakuja. Nikamwambia mama, nakuja na mtoto, amwone baba yake. Kama akiniomba mwenyewe, leo narudi naye."

Basi jambo lilikuwa jepesi kiasi hicho. Hatukuhitaji karatasi, wala boti, wala milima ya Kongo. Mke na mtoto walikuwa wamevuka ziwa, wamesimama kwenye mchanga wa Tanzania. Zilibaki hatua chache tu za mtu kutoka kwenye matete.

Yule mama alikuwa na akili kuliko sisi sote. Kwao mwiko ule hawaushiki hivyo, lakini alifunga mwavuli, akainuka, akawaambia vijana wamshike mkono, akapanda boti. Akakaa mwisho kabisa, akajifunika kitenge kichwani, akageukia maji. "Mwambie mwanangu," akasema bila kugeuka, "njia iko wazi."

Nilikimbia. Nilimkuta amechuchumaa kwenye maji ya magoti, ameshika pikipiki isianguke, shingo nyekundu kwa upupu. Nikamwambia yote: mkewe yuko pale, mtoto yuko pale, mama amegeuka na kujifunika. Akachungulia.

"Kweli amegeuka," akasema.

"Toka basi."

Akasimama. Akajifuta mikono kwenye suruali, akajaribu kulainisha nywele. Akapiga hatua mbili, akafika ukingoni mwa matete, akasimama. Nilidhani anajikaza. Kisha akarudi.

"Tangulia wewe," akaniambia. "Mwambie yale tuliyoongea."

"Mama hakuoni. Unamwogopa nani sasa?"

"Nikikosea neno je? Wewe unajua kusema. Ukishamlainisha, nitakuja."

Nilimfokea. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, watoto wangu wanasoma. Nilimshika shati nikamvuta, akajishikilia kwenye matete na nguvu zake zote za kuchunga, na mtu akishachunga ng'ombe tangu utotoni humtoi mahali kwa kuvuta. Huko nyuma nahodha akaanza kupiga kelele kwamba wanaondoka. Nikamwachia. Kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine wa kwenda, nikaenda.

Nikasema vizuri. Mungu ananiona, nilisema vizuri kuliko siku ile ya posa. Kwamba mwenzangu anaomba msamaha. Kwamba habari ya Usevya imekwisha, watakaa Mpanda, baba yake ameshakubali. Kwamba mama yake anasalimia sana. Yule dada alisikiliza akimpapasa mtoto mgongoni.

"Maneno mazuri," akasema. "Ulipokuja kunichumbia, ulikuja wewe. Sawa, ndiyo mila. Habari ya kuhama, ulikuja wewe. Leo nimezaa, umekuja wewe. Hivi, shemeji, mimi nimeolewa na nani?"

Mjumbe hauawi, wahenga walisema. Ningeona nafuu kuuawa. 

Akasogea karibu, akafungua kitenge. "Basi mtazame na mtoto," akasema. "Mtazame vizuri, ukamsimulie."

Nilimtazama. Alikuwa amelala, ngumi moja shavuni. Paji la uso ni la rafiki yangu kabisa, lile pana, na nyusi zake zimekunjwa vile vile anavyozikunja akiwa anahesabu ng'ombe. Yule dada akamfunika tena. Hakulia wala hakutukana. Aliwapa vijana mkono wakampandisha, akakaa karibu na mama yake, naye akageukia maji.

Boti ilisukumwa. Injini ikashika. Nilisimama pale mpaka vichwa vyao sikuweza kuvitofautisha na magunia, na hasira yangu yote ya siku nzima, ya mbung'o na tope na ugali, ikawa imekosa pa kukaa. Nilitamani kulia, na si ndoa yangu.

Ndipo nikasikia matete yanavunjika. Alikuja anaburuta pikipiki, maji yanamtoka kwenye buti, akasimama pembeni yangu anaitazama boti.

"Amesemaje?"

"Kamuulize mwenyewe."

Akaegesha pikipiki. Watu wa gulio walikuwa wanapita na mizigo yao wakitutazama, wanaume wawili wazima wenye tope.

"Mtoto umemwona?" akauliza. "Yukoje? Anafanana na nani?"

Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Lile paji, zile nyusi. Nilivyozoea kumbebea, yangetoka yenyewe. Nikayameza.

"Boti inarudi gulio lijalo," nikamwambia. "Vuka ukamwone."

Alikaa chini kwenye mchanga, akafikiri kwa muda mrefu, akikuna shingo. Nikaamini kabisa kwamba safari hii limemwingia.

"Gulio lijalo," akasema, "utakuwa na nafasi?"